Kufuli la Choo Kipya

Leo nimeadhirika. Si kuadhirika kwa mtu aliyejikwaa njiani, akainuka, akajipangusa, yakaisha. Hapana. Hii yangu ni ya kusimuliwa harusini, na bwana harusi akaacha kula ili asikie vizuri. Nawaandikia upesi, wewe Idi hapo Chalinze, na ukishasoma mpelekee Kasimu Lugoba kwa basi la kwanza, kwa sababu malori yanayotoka hapa Bagamoyo yana midomo, na nataka mlipate jambo hili kwa mwenyewe kabla halijatiwa chumvi. (Ingawa chumvi halihitaji. Limekolea.)

Mnanijua. Mimi ni mtu wa barazani. Tulipomaliza darasa la kumi na mbili ninyi mlikwenda kutafuta dunia, mimi nikakaa juu ya mkeka nikashona kofia. Cheti changu kimetundikwa ukutani, nami niko chini yake, nachoma sindano. Safari yangu ndefu ni ya dukani kununua uzi. Sasa mtu wa namna hii ataadhirikaje, na hatoki nje? Ngojeni.

Kwanza niwakumbusheni Shomari. Yule fundi seremala, jirani yangu, ua kwa ua. Ndiye aliyemposa Mwanaisha kabla yangu. Wazee wa Mwanaisha wakatazama randa ya Shomari, wakatazama cheti changu, wakachagua cheti. (Nadhani siku hizi wangechagua randa.) Shomari hakununa. Alikuja harusini, akala, akacheka, na kitanda ninacholalia amekichonga yeye. Na mpaka leo hajaoa! Niambieni ninyi wenye kuijua dunia: mwanamume ana mikono yake miwili, ana kazi, ana nyumba, na haoi. Anangoja nini? Swali hilo nimelishona ndani ya kofia nyingi sana. Kama mmenunua moja karibuni, liko humo, upande wa ndani.

Basi, masika haya choo chetu kilianguka. Kilikuwa kimechoka zamani, kimeinama kama mtu anayetafuta sindano, na asubuhi moja baada ya mvua kubwa tukakikuta kimeingia chenyewe shimoni, na paa lake na yote. Mwanaisha akajitanda kanga, akachukua kopo la maji, akaondoka.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Bi Kidawa."

Bi Kidawa ni mama yake Shomari. Yeye alisema "kwa Bi Kidawa". Masikio yangu yakasikia "kwa Shomari".

Aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyealikwa mahali pazuri.

"Bwana wee, choo cha kule kina mfuniko. Na mfuniko una mkono! Unashika mkono, unafunika, nzi haingii."

"Mfuniko tu," nikasema.

"Una mkono," akasema taratibu, akitazama mbali.

Kesho yake ilikuwa jivu. Kwa Shomari kuna kopo la jivu pembeni, ukimaliza unamwaga, harufu hamna. Keshokutwa yake ilikuwa sabuni. Kwa Shomari kuna kipande cha sabuni ndani ya kifuu, mlangoni, hutoki bila kukiona. Mimi nikisikia haya nilikuwa najidunga sindano kidoleni. Mwanamke wangu, niliyemuoa kwa cheti, kila alfajiri anatoka nyumbani kwangu na kopo mkononi anakwenda chooni kwa mwanamume mwingine, na akirudi anamsifu! Mume gani mwingine hapa pwani amepata kuona wivu wa namna hii? Wenzangu wanaonea wivu wanaume wenye motokaa. Mimi naonea wivu shimo.

Halafu likaja kubwa kuliko yote.

"Kule wanachemsha maji ya kunywa," akasema Mwanaisha. "Bwana Afya kawaambia. Na mimi kuanzia leo nitachemsha."

Hapo nikaweka kofia chini. Mfuniko wa Shomari, sawa. Jivu la Shomari, nimemeza. Sasa na maji ya Shomari yaje kunichemkia jikoni kwangu?

"Mimi," nikasema, "nitakunywa ya kisimani, baridi, kama walivyokunywa babu zangu."

"Babu zako wako wapi?"

(Mwanamke huyu!)

Na nikaapa. Wallahi, mguu wangu hautakanyaga choo cha Shomari. Mimi nikawa natumia choo cha msikitini, tena hata saa zisizokuwa za sala. Imamu akafurahi sana. "Athumani," akaniambia, "siku hizi tunakuona." Nikamwambia, "Alhamdulillahi." (Msinihukumu. Sikusema uongo. Alikuwa ananiona kweli.)

Sasa sikilizeni habari ya Bwana Afya. Ni kijana wa kaptula iliyopigwa pasi, ana baiskeli, na mfuko wa shati una kioo kidogo. Mimi siku zote nilidhani kioo hicho ni cha kuchania nywele, nikawa namdharau kidogo. Basi akatuita mkutano, akasema atakuja mgeni kutoka mkoani, atapita mtaani na kuchagua choo kimoja kiwe cha mfano. Mwenye nyumba atakayechaguliwa ndiye atakayewafundisha wengine. Watu watakuja kwake, wake kwa waume, atawaonyesha, watauliza, atajibu.

Nikaiona picha yote pale pale. Nikamwona Shomari amesimama mlangoni mwa choo chake, wake za watu wamemzunguka, wangu yuko mbele kabisa, naye anawaonyesha ule mkono wa mfuniko.

Nikajenga.

Jamani, nilijenga! Aliyenichimbia shimo nilimpa kofia mbili za viua, akachimba mpaka sauti yake ikawa haisikiki. Nikaweka boriti za mikoko, nikakandika udongo, nikapaka chokaa ndani na nje, nikaezeka makuti mabichi yanayonukia. Halafu, kwa sababu mimi ni mimi, nikanunua bluu ya kufulia, nikachora ukanda kuzunguka kuta zote nne: vitundu, maua, mawimbi, sawasawa na kofia ninazoshona. Mfuniko peke yake ndio ulinishinda. Ule ulitaka seremala, na seremala ninayemjua mimi ni mmoja. Nikaukata mwenyewe kwa panga. Haukuwa na mkono. Ulikuwa na kamba.

Majirani wakaja kutazama kama wanakuja kumwona mtoto mchanga. Hata Shomari akaja, akapapasa ukuta kwa kiganja.

"Mashaallah, Athumani. Hiki hukujenga. Umekishona."

"Ahsante."

"Mfuniko nikutilie mkono? Kazi ya dakika."

"Ahsante, tuna kamba."

Watu walipoondoka nikakitazama peke yangu, nikaona jambo moja la kutisha: mtu yeyote angeweza kuingia. Angeingia na matope yake. Angegusa ukuta. Na, Mungu apishe mbali, angekitumia. Nikaenda dukani nikanunua kufuli.

"Kufuli la nini?" akauliza Mwanaisha.

"Haingii mtu mpaka mgeni wa mkoani apite."

"Sasa mimi niende wapi?"

"Subiri."

"Nisubiri? Jambo hili nalo husubiri?" Akaweka mikono kiunoni. "Kwa hiyo unaniambia niende kwa kina Shomari."

"Sikusema hivyo."

"Mlango umefunga, ufunguo umejivika. Umesema."

Ndiyo, ufunguo nilijivika. Niliutia uzi wa kofia, nikauning'iniza shingoni kama hirizi. Na Mwanaisha akaendelea kwenda kwa Shomari. Yaani, ninyi mliosoma nami, hebu nisaidieni hesabu hii: nimejenga choo ili mke wangu asiende kwa Shomari, na kwa ajili ya choo hicho mke wangu anakwenda kwa Shomari. Nililijua hilo. Nililijua kila alfajiri nilipomsikia anachukua kopo. Lakini nikajiambia, vumilia, mgeni akishapita nitashinda, na nikishashinda atakuja mwenyewe.

Sasa tufike leo.

Tuanze na jana, kwa sababu leo ilianzia jana. Jana jioni Mwanaisha alinimiminia maji yake ya kuchemsha, yamepoa, yamefunikwa kitambaa. Nikayasogeza pembeni. Nikainuka, nikachota kata ya maji mabichi ya kisimani, nikanywa yote mbele yake. Nikachota nyingine. Kisha nikasema "Ahhh!" kwa sauti, ili na jirani asikie. Mwanaisha akayafunika tena maji yake kwa kitambaa.

Leo asubuhi nikatoka kusali, nikafungua kufuli, nikaipaka sakafu ya choo chokaa mara ya mwisho. Nikarudi kinyumenyume nikifuta nyayo zangu mpaka mlangoni. Jua likatoka, ikang'aa, nikasimama nikaitazama, nikaona raha, nikafunga.

Tumbo likasema neno.

Nikalipuuza. Nikavaa kanzu, nikavaa kofia yangu nzuri kuliko zote. Tumbo likasema tena, safari hii maneno mawili. Mwanaisha alikuwa anafagia uwanja.

"Una nini? Uso umekuwa kama unga."

"Sina kitu."

"Maji ya babu hayo," akasema, akaendelea kufagia.

Nikaona niwahi msikitini. Nikashika njia kwa heshima zote, mwendo mdogo mdogo, kama mtu aliyebeba yai na hataki watu wajue. Nafika kwenye kona, nani hawa? Bwana Afya anasukuma baiskeli. Ubavuni mwake mama mmoja mnene wa miwani na mwavuli, ndiye mgeni wa mkoani. Nyuma yao balozi wetu wa nyumba kumi. Nyuma ya balozi, nusu ya mtaa. Wameziba njia nzima.

"Athumani!" balozi akapiga kelele. "Tunakuja kwako!"

"Karibuni!" nikasema. Nikageuka.

Nikarudi nyumbani kwa mwendo ambao sina jina lake. Mwanaisha alikuwa ameingia ndani kubadili kanga. Uwanja mtupu. Mbele yangu choo changu, cheupe, kimechorwa maua, na ufunguo uko shingoni. Nikauvua. Nikafungua. Nikaona ile sakafu.

Ndugu zangu, ilikuwa nyeupe kama kanzu ya sikukuu. Chokaa mbichi. Hatua moja tu ingebaki pale mpaka wageni waje waisome, hii ni ya kwenda, hii ni ya kurudi. Nikasimama mlangoni. Tumbo lilisema ingia. Moyo ulisema, Athumani, umeteseka siku zote hizi, na wageni wako konani! Nikafunga tena. Wallahi nilifunga tena. Nikarudisha kufuli, nikajivika ufunguo, nikapenya kwenye tundu la ua wa makuti, nikatokea kwa Shomari.

Bi Kidawa alikuwa ameketi kibarazani anachambua mchele.

"Nani huyo anaingia bila hodi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ah, Athumani! Leo umepotea njia, mwanangu?"

"Mama, nitakusalimia vizuri nikitoka."

"Ukitoka wapi?"

Nilikwishaingia.

Sasa hapa niwaambieni kweli, maana mimi na ninyi hatufichani. Kile choo ni kizuri. Nilipopata nafasi ya kutazama, nilitazama. Hakuna maua. Hakuna bluu. Lakini kuna ubaridi, kuna kopo la maji limejaa, kuna jivu, hewa inapita juu ya ukuta. Na mfuniko umeegemezwa pembeni, mti mzuri uliopigwa randa ukalainika. Na mkono wake, nikaushika kidogo. Unaingia kiganjani kama ulipimwa. Nikauchukia.

Nikasikia sauti zinakaribia. Nikatulia, nikajua zinapita kwenda kwangu. Hazikupita.

"Tulibisha kwa Bwana Athumani," ilikuwa sauti ya Bwana Afya, "mkewe kasema ametoka kuja kutupokea. Basi tutaanza na hapa kwa Bwana Shomari, kisha tutamalizia kwake. Choo kile pale, mama."

Nyayo. Nyayo nyingi. Halafu mlango ukagongwa.

"Hodi! Kuna mtu?"

Mnajua adabu tuliyolelewa nayo: chooni mtu hasemi. Akibishiwa hodi, hukohoa.

Nikakohoa.

"Ahaa!" Bwana Afya akasema kwa furaha. "Mama, umesikia? Choo kinatumika. Ni Bwana Shomari huyo?"

"Shomari ni mimi hapa," akasema Shomari.

"Basi mama wa nyumba."

"Mimi niko huku kibarazani," akasema Bi Kidawa. "Na nyumba hii ina watu wawili tu, mimi na mwanangu."

 Nikasikia miguu inasogea mlangoni.

"Sasa aliyemo ni nani?" akauliza mgeni wa mkoani.

"Mwambieni akohoe tena," akasema Bi Kidawa. (Mama huyu aliniona naingia! Kwa macho yake! Na shikamoo yangu aliipokea! Lakini mchele wa leo ulikuwa umemchosha, akataka mchezo.)

Ikanibidi nikohoe. Nikaona nijifiche ndani ya kikohozi. Nikakitoa chini, kizito, cha mzee aliyevuta tumbaku miaka mingi.

"Huyo mzee," akasema balozi.

"Mzee gani?" akauliza mtu.

"Labda mpita njia."

"Mpita njia kapitaje ndani?"

Na hapo, jamani, nikasikia sauti ninayoijua kuliko zote. Mwanaisha alikuwa amewafuata wageni.

"Hicho kikohozi," akasema, "ni cha nyumbani kwangu."

Mtaa ukalipuka. Nilisikia mtu anaomba ashikwe asianguke. Mgeni wa mkoani akauliza, "Una hakika, mwanangu?"

"Mama, nimelala nacho kila masika tangu nilipoolewa. Cha kwanza ndicho chenyewe. Hicho cha pili alikuwa anajikaza tu."

Nikanawa. Nikamwaga jivu. Nikafunika, kwa ule mkono. Nikatoka kwa mguu wa kulia, kama tulivyofundishwa. Adabu nyingine sikubaki nayo. Kofia yangu nzuri ilikuwa imekaa upande, na ufunguo umechomoza juu ya kanzu, unang'aa juani, kila mtu anauona.

Mgeni wa mkoani akanitazama juu ya miwani.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe si wa nyumba hii?"

"Hapana, mama. Mimi ni wa pale." Nikaonyesha kwa kidole.

"Huna choo?"

"Ninacho."

"Kimeharibika?"

"Kipya, mama."

"Kina mtu?"

"Hakina mtu."

Akafunga mwavuli. "Twendeni tukakione."

Tukaenda. Nikajipa moyo. Nikasema, wakishaona yale maua watasahau. Nikafungua kufuli mbele ya watu wote, mlango nikausukuma kwa madaha, na kweli watu wakasema "Ooo!" Chokaa ilikuwa imekauka, imeng'aa. Hata mgeni akatabasamu. Nikamtafuta Shomari kwa jicho ili nimwone anavyoumia. Alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha, anawaonyesha wenzake ukanda wa bluu. (Mtu huyu hata kukuonea wivu hataki! Unamfanyaje?)

Bwana Afya akavua viatu, akaingia, akainua mfuniko kwa kamba yake. Halafu akatoa kile kioo mfukoni. Nikasema moyoni, sasa ndiyo wakati wa kuchana nywele? Akasogea penye jua, akakinga kioo, akarusha mwanga mpaka ndani ya shimo, chini kabisa, akauzungusha huku na huku kama mtu anayetafuta kilichomdondoka. Kumbe ndiyo kazi ya kioo!

"Pakavu," akasema.

"Pakavu kabisa!" nikasema kwa fahari. "Hajaingia hata mtu mmoja. Usafi mtupu."

Neno likanitoka, nikalisikia likienda, nisiweze kulikamata.

"Hata mmoja?" akauliza mgeni wa mkoani.

"Tulikuwa tunakungoja wewe, mama."

Akaangalia kufuli mkononi mwangu. Akaangalia ufunguo. Akamwangalia Mwanaisha.

"Na huyu mkeo, siku zote hizi anakwenda wapi?"

Nilitazama maua yangu. Bi Kidawa, aliyekuja akichechemea na ungo wake wa mchele asipitwe na neno, akanisaidia kujibu.

"Anakuja kwangu. Mke huja alfajiri, na mume leo kaja mchana kweupe, mbiombio, hata salamu hatukumaliza."

Wakacheka tena. Lakini mimi, katikati ya kicheko, nilimwona Mwanaisha. Hakucheka. Alikuwa amejitanda kanga, anatazama chini, kwa sababu sasa mtaa mzima unajua kuwa mumewe ana choo cheupe na yeye amefungiwa nje. Mpaka hapo nilikuwa najionea haya mwenyewe tu. Sikuwa nimefikiri kwamba aibu ile ilikuwa yake tangu siku niliyonunua kufuli, na kwamba ameibeba kila alfajiri pamoja na kopo.

"Bwana Athumani," akasema mgeni wa mkoani, sasa kwa upole, "wewe umeingia vyoo vyote viwili leo. Niambie, cha jirani yako umekionaje?"

Shomari akainua uso. Mwanaisha naye akainua uso. Ningeweza kusema cha kawaida. Ningeweza kusema sikuangalia.

"Kina mfuniko," nikasema. "Na mfuniko una mkono."

Basi. Yameisha. Mgeni akamwambia Bwana Afya kwamba shahidi bora kuliko huyu hatampata tena: mtu ana choo kipya cha maua na kwa shida yake kakimbilia kwa jirani. Cha Shomari ndicho cha mfano. Halafu akanigeukia.

"Umesoma wewe?"

"Darasa la kumi na mbili, mama."

"Vizuri sana. Watu wakija kujifunza, Bwana Shomari ataonyesha, na wewe utawaeleza kwa nini choo hakifungwi kufuli. Una maneno, na sasa una mfano."

Yaani, Idi, Kasimu, mnaielewa hukumu hii? Ile picha niliyoikimbia, Shomari amesimama na wake za watu wamemzunguka, nimetiwa ndani yake. Nitakuwa pembeni yake nimeshika mfuniko!

Walipoondoka tukabaki wawili uwanjani, na kufuli langu.

"Hivi wewe," Mwanaisha akasema, "ulikuwa unadhani mimi nakwenda kwa Shomari?"

Nikaanza kuupangusa ufunguo kwa pindo la kanzu.

"Alfajiri Shomari yuko msikitini, bwana. Wewe mwenyewe si unasali safu moja naye? Mimi nilikuwa nakutana na Bi Kidawa na majogoo wake. Nilikuwa nakwenda chooni. Nilisifu mfuniko ili na wewe uweke mfuniko. Nilisifu jivu ili na wewe uweke jivu. Nilikuwa nakuomba choo, Athumani, kwa lugha zote ninazozijua. Ukanijengea. Ukafunga."

Wallahi nilikuwa nasali naye safu moja. Kila alfajiri. Bega kwa bega. Wivu ulikuwa umenila hata hesabu hiyo ndogo ikanipita.

Nikauvua ufunguo, nikampa. Akaupokea. Akanyoosha mkono tena, nikampa na kufuli. Akaingia chooni kwangu, akaziacha nyayo zake wazi juu ya sakafu yangu nyeupe, moja baada ya nyingine, akainua mfuniko kwa kamba, akaachia vyote viwili. Vikaenda. Tukasikia "puu" kwa mbali sana. (Yule mchimbaji alichimba kweli, zile kofia mbili kazistahili.)

Kwa hiyo kitu cha kwanza kuingia katika shimo langu ni kufuli langu. Bwana Afya akirudi na kioo chake na kuliona linamkodolea macho kutoka kule chini, mimi sitaeleza. Nitakohoa.

Sasa nimekaa barazani nawaandikia, na glasi ya maji ya kuchemsha iko mbele yangu. Yana ladha ya moshi. Nimekunywa yote na sikusema "Ahhh". Shomari amepita kuchukua vipimo, anautilia mfuniko wangu mkono, nami nimemwambia ahsante, na safari hii sikutaja kamba. Mwanaisha ametoka jikoni, akajitanda kanga, akachukua kopo lake, na kwa mara ya kwanza tangu masika akageuka upande wetu. Nikamtazama anakwenda, nikaona nimeshinda dunia.

Ila tumbo, jamani, halijui kama mambo yamekwisha. Limesema tena neno. Nimeweka kalamu chini, nimekwenda, nimebisha hodi.

Amekohoa.

Nimerudi nimekaa. Nimekwenda tena. Amekohoa tena, kwa raha zake, kikohozi cha mtu ambaye amesubiri siku nyingi na leo hana haraka. Na kutoka upande wa pili wa ua nimemsikia Bi Kidawa anaita, "Athumani mwanangu, chetu kiko wazi!"

Barua inakomea hapa ghafla. Msiniulize nimekwenda wapi, na kama mtacheka, chekeni huko huko Chalinze na Lugoba, hapa nafasi imejaa.